Maswali ya wasomaji: Kwa nini Amazilia imebaki na ndege wanne tu?

Safari hii barua zinahusu kolibri, wale ndege wadogo wa bara la Amerika ambao baadhi yetu huwaita ndege wavumaji kwa sababu ya mvumo wa mabawa yao. Nyingi zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali, nalo ni majina ya kisayansi yanayobadilika, hasa ya Amazilia, jenasi (kundi la spishi ndugu) ya kolibri. Tumeanza na barua ya mwalimu kwa sababu jibu lake ndilo msingi wa mengine.

Kitabu cha ndege tulicho nacho shuleni kinasema jenasi Amazilia ina spishi kama 30. Orodha mpya niliyoiona ina nne. Wanafunzi wananiuliza kama hao wengine wametoweka duniani. Niwajibu nini?
*Mwalimu wa biolojia, Arusha*

Waambie wote wapo, Mwalimu, wanaendelea kunyonya maua kule Meksiko, Amerika ya Kati na Amerika Kusini. Kilichobadilika ni jina lao la kwanza, yaani jina la jenasi.

Jenasi ni dai la undugu. Ukiandika Amazilia mbele ya majina ya ndege wawili, unadai kwamba wametoka kwa babu mmoja, na kwamba wazao wote wa babu huyo wamo humo ndani: hakuna mgeni aliyeingizwa wala mwana aliyeachwa nje. Sisi husema undugu ni kufaana, si kufanana. Nusu ya pili ya methali hiyo ndiyo iliyowapa tabu wataalamu wa kolibri, maana orodha za karne ya 20 ziliwakusanya ndege hawa kwa kufanana: kolibri wa ukubwa wa kati, mgongo wa kijani unaong'aa, mdomo ulionyooka au uliopinda kidogo, mara nyingi mwekundu sehemu ya chini, dume na jike karibu sawa. Asiyekuwa na pambo la kipekee kama mkia mrefu au kishungi alitiwa Amazilia. Jenasi ikawa ghala la ndege waliokosa pa kuwekwa.

Mwaka 2014 Jimmy McGuire wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzake walichapisha katika jarida la Current Biology mti wa nasaba wa kolibri uliojengwa kwa DNA. Ulikuwa na spishi 284 kati ya 338 zilizotambuliwa wakati huo. Katika mti huo ndege wa Amazilia hawakukaa tawi moja. Walitawanyika, na katikati yao wakawepo ndege wa jenasi nyingine. Mwaka 2017 Gary Stiles, Van Remsen na McGuire mwenyewe wakatoa katika jarida la Zootaxa mpangilio mpya wa tribu (kundi la jenasi nyingi) nzima ya Trochilini, ambayo Amazilia imo, ili majina yaufuate mti. Kamati ya orodha ya ndege wa Amerika Kaskazini iliupokea mpangilio huo mwaka 2020.

Waliobaki Amazilia ni hawa. *Amazilia rutila* ni kolibri wa rangi ya mdalasini tumboni, anayepatikana upande wa Pasifiki kuanzia Meksiko hadi Kosta Rika. *Amazilia tzacatl*, mwenye mkia wa rangi ya kutu, ni wa kawaida sana kutoka mashariki mwa Meksiko hadi magharibi mwa Ekuado, na ni mgomvi: akimiliki kichaka cha maua hufukuza kila anayekaribia. *Amazilia yucatanensis* ana tumbo la rangi ya ngozi iliyopauka, na anafika hadi Texas. Wa nne, *Amazilia luciae*, yupo Hondurasi peke yake, katika misitu mikavu ya miiba kama ile ya bonde la Aguán. Huyu anatugusa zaidi. Kati ya 1950 na 1988 hakuna aliyemrekodi, na misitu anayoitegemea imeendelea kufyekwa kwa ajili ya malisho na mashamba.

Waliohamishwa hawakwenda mahali pamoja. Kundi kubwa limeingia Saucerottia, miongoni mwao *S. beryllina* wa Meksiko, *S. cyanocephala*, *S. edward* wa Kosta Rika na Panama, na *S. tobaci* wa Venezuela na Trinidad na Tobago. *Polyerata amabilis* na *P. decora* wamerudishiwa jina lao la zamani. *Chionomesa fimbriata* na *C. lactea* wamekwenda pamoja. *Uranomitra franciae* wa milima ya Andes ana jenasi yake. *Chrysuronia* imepokea *versicolor*, *brevirostris*, *leucogaster* na *boucardi* wa mikoko ya Kosta Rika. *Candida*, mdogo mwenye tumbo jeupe, sasa yuko *Chlorestes*.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kwa nini wasifanye kinyume, wakawaunganisha wote katika jenasi moja kubwa? Ni swali zuri, na jibu lake ni la kanuni. Jenasi hiyo kubwa ingelazimika kumeza kila tawi lililo katikati, likiwemo la jenasi nyingine, Hylocharis. Jina Hylocharis lilitolewa na mwanasayansi Boie mwaka 1831. Amazilia lilitolewa na mwanasayansi Lesson mwaka 1843. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinasema la zamani ndilo lenye haki. Kwa hiyo hata kuunganisha kusingeliokoa jina Amazilia, wote wangeitwa Hylocharis, na ndani ya jenasi hiyo wangekuwemo ndege wasiofanana hata kidogo. Sisi tunaona waliogawanya walifanya sawa, ingawa gharama ni majina mengi ya kukariri.

Kuhusu kosa la awali, tazama tumbo jeupe tu. Kolibri wenye tumbo jeupe walionekana kama ndugu wa karibu, hata vitabu vingine vya mwishoni mwa miaka ya 1990 viliwaweka baadhi yao pamoja katika jenasi iitwayo Agyrtria. DNA inawaweka kolibri wenye tumbo jeupe katika jenasi mbalimbali, zikiwemo Uranomitra, Chlorestes, Chrysuronia, Elliotomyia na Ramosomyia. Weupe umejitokeza au kubaki katika matawi tofauti, kila moja kivyake. Kijani nacho hakitegemeki, kwa kuwa hakitokani na rangi kama ya kupaka. Ndani ya vinyuzi vya unyoya wa kolibri kuna visahani bapa vya melanini vyenye viputo vya hewa, vimepangwa tabaka juu ya tabaka, na mwanga unapogonga tabaka hizo ndipo rangi inapoonekana. Unene wa tabaka ukibadilika kidogo tu, kijani kinageuka buluu au zambarau. Badiliko dogo namna hiyo linaweza kutokea mara nyingi katika nasaba zisizohusiana, na ndiyo maana koo la buluu peke yake si ushahidi wa undugu.

Nimesoma kwamba kuna kolibri wa Peru aitwaye amazilia, lakini hayumo katika jenasi Amazilia. Si kosa la uchapaji?
*Msomaji, Mombasa*

Si kosa. Anaitwa *Amazilis amazilia*, anaishi nyanda kavu za Peru na kusini magharibi mwa Ekuado. Lesson alishiriki katika kumpa jina hilo la pili mwaka 1827, baada ya safari ya meli La Coquille, akilitoa kwa msichana wa Kiinka katika riwaya ya Kifaransa ya karne ya 18. Miaka 16 baadaye alilitumia neno hilo hilo kama jina la jenasi.

Jina la jenasi halifuati maana wala mazoea. Linafuata spishi-kielelezo, yaani ndege mmoja aliyeteuliwa kubeba jina hilo popote aendako. Kielelezo cha Amazilia ni yule wa mdalasini, *rutila*. DNA ilipoonyesha kwamba ndege wa Peru yuko tawi jingine, *rutila* alibaki na jina pamoja na ndugu zake watatu, na ndege wa Peru akapewa jina ambalo mwanasayansi Gray alilitoa mwaka 1855, Amazilis. Herufi moja tu inatofautisha. Kwa hiyo uwe mwangalifu unaponakili, kwani hata programu za kusahihisha tahajia hubadilisha s kuwa a.

Kanuni hii ya kielelezo ndiyo pia iliyoleta badiliko jingine dogo. Mwaka 2017 kolibri mwenye utosi wa zambarau, *violiceps*, na mwenzake *viridifrons* waliwekwa katika Leucolia. Uchunguzi wa majina ukaonyesha kwamba Leucolia haliwezi kutumika kwa ndege hao, na mwaka 2021 wakapewa jina jipya kabisa, Ramosomyia. Undugu wao haukubadilika. Ukikuta *Leucolia violiceps* na *Ramosomyia violiceps*, ni ndege yule yule.

Ninaandika tasnifu kuhusu ndege na maua. Nimeunganisha jedwali la kumbukumbu za zamani na mti mpya wa nasaba, na zaidi ya nusu ya safu za Amazilia hazikupata mwenza. Nimejaribu amri ya kubadilisha neno Amazilia lote kwa pamoja, mambo yakaharibika zaidi. Nifanyeje?
*Mwanafunzi wa uzamili, Nairobi*

Kwanza rudisha faili la awali kabla ya amri ile. Amazilia haikubadilishwa jina, iligawanywa. Hakuna neno moja linaloweza kuchukua nafasi yake.

Tengeneza safu wima nne. Ya kwanza ni jina kama lilivyoandikwa na aliyerekodi, nayo usiiguse tena hata kama lina kosa. Ya pili ni jina unalolikubali sasa. Ya tatu ni orodha uliyoifuata pamoja na toleo lake: orodha ya IOC, ya Clements, ya BirdLife na ile ya AviList iliyotoka 2025 hazikuwa sawa kila mahali, na kuandika tu "orodha ya kimataifa" hakumsaidii atakayerudia kazi yako. Ya nne ni sababu ya badiliko, kwa neno moja: jenasi, mgawanyo, au tahajia.

Kisha andaa jedwali dogo la visawe, safu moja kwa kila spishi, ulijaze kwa mkono. Ni ndege wapatao 30 tu, kazi ya mchana mmoja. Usiunganishe kwa jina la pili peke yake ukidhani linatosha. Majina kama *leucogaster* au *viridicauda* yanaeleza rangi ya tumbo au mkia, na hupewa wanyama wengi tofauti.

Mitego iko miwili, nayo huwanasa wengi. Wa kwanza ni tahajia: utakuta *saucerottei* yenye r moja na *saucerrottei* yenye mbili, hata katika orodha zinazoheshimika. Kompyuta inaziona kama spishi mbili. Wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hautoi ishara yoyote ya kosa. Kumbukumbu ya zamani iliyoandikwa *Amazilia saucerrottei* kutoka Kolombia leo ni *Saucerottia saucerottei*. Lakini jina lile lile likiwa na mahali pa Nikaragua au Kosta Rika, orodha nyingi sasa zinaliita *Saucerottia hoffmanni*, kwa kuwa ndege wa Amerika ya Kati wametenganishwa na wale wa kusini. Jina halitoshi kukuambia ni yupi. Lazima usome safu wima ya mahali. Kumbukumbu isiyo na mahali iache katika ngazi ya jenasi, usibahatishe.

Hapo hapo, angalia ngozi za karne ya 19 zenye lebo isemayo "Bogotá" na basi. Zilinunuliwa kwa wafanyabiashara wa manyoya mjini humo, na ndege wenyewe walikuwa wamekusanywa sehemu nyingi za Kolombia. Bogotá hapo ni soko, si makazi ya ndege. Usiiweke kwenye ramani.

Mabano yanayozunguka jina la mtu na mwaka yana maana gani? Na kwa nini mwisho wa jina la pili hubadilika?
*Msomaji, Nakuru*

Mabano yanakwambia spishi imehama jenasi tangu ilipoelezwa mara ya kwanza. *Amazilia rutila* (DeLattre, 1843) ina mabano kwa sababu DeLattre aliiandika *Ornismya rutila*. Kama angeiweka Amazilia tangu mwanzo, mabano yasingekuwepo.

Mwisho wa neno ni suala la sarufi ya Kilatini. Jina la pili likiwa kivumishi, hufuata jinsia ya jenasi. Mfano unao nyumbani: yule chozi mdogo wa bustani za Kenya na Tanzania, mwenye tumbo la njano mara nyingi, aliitwa *Nectarinia venusta*. Nectarinia ni ya kike. Alipopelekwa Cinnyris, ambayo ni ya kiume, akawa *Cinnyris venustus*. Jina linalotokana na mtu, kama *franciae* au *luciae*, halibadiliki hata ndege ahamishwe mara kumi.

Nataka kujua hatua zenyewe. Mtu anapataje DNA kutoka kwa ngozi ya ndege iliyokaa makumbusho miaka 100, na makosa hutokea wapi?
*Fundi wa maabara, Morogoro*

Anza na afya yako. Ngozi nyingi za zamani zilipakwa sabuni ya aseniki ili wadudu wasizile. Vaa glavu, usile wala kunywa chumbani humo, na funika meza kwa karatasi ya kutupwa.

Sampuli huchukuliwa chini ya kidole cha mguu, kwenye pedi. Huko hakuna manyoya na umbo la ndege haliharibiki, ila kwa kolibri mguu wenyewe ni mdogo kama uzi, kwa hiyo kipande cha milimita 1 hadi 2 ndicho cha juu kabisa. Tumia wembe mpya wa upasuaji kwa kila ndege. Si wa kufuta kwa spiriti, mpya. Andika namba ya ngozi kwenye kichupa kabla ya kukata, na urudishe katika kumbukumbu za makumbusho kwamba kidole kipi kimekatwa, ili mwingine asije akakata cha pili bila kujua.

Kipande hukatwakatwa, hulowekwa katika kimiminika chenye kimeng'enya cha proteinase K, na huachwa usiku kucha kwenye nyuzi 56 za Selsiasi. Kisipoyeyuka asubuhi, ongeza kimeng'enya mikrolita 20 nyingine na usubiri saa chache, kwani tishu iliyokauka miaka mingi ni ngumu. Kazi hii ifanyike katika chumba ambacho DNA ya damu mbichi au mazao ya PCR (DNA iliyonakiliwa kwa wingi maabarani) hayajawahi kuingia. Katika kila kundi la sampuli weka kichupa kimoja kisicho na kipande chochote. Hicho kikitoa DNA, kundi zima limechafuka na matokeo yake yatupwe, hata kama yanapendeza.

DNA ya zamani huwa imevunjika vipande vifupi, mara nyingi jozi za besi 100 hadi 200. Jeni ya ND2, iliyotumika sana kwa kolibri, ina jozi 1,041. Huwezi kuivuta yote mara moja. Unaivuta kwa vipande vifupi vinavyopishana kidogo, au unasoma vipande vyote vilivyomo kwa mashine za kisasa na kuviunganisha kwa kompyuta.

Ukishapata mfuatano, utafsiri kuwa asidi amino kabla ya kuupeleka kwenye mti. Hapa wanaoanza hukosea sana. Programu nyingi huja zikiwa zimewekwa kanuni ya kawaida ya jeni, ambayo inasoma herufi tatu za DNA, TGA, kama kituo, yaani mwisho wa protini. ND2 iko mitokondria, na katika mitokondria ya wanyama wenye uti wa mgongo TGA ni asidi amino triptofani. Chagua kanuni namba 2. Ukiisha kuichagua na bado kuna kituo katikati ya jeni, huenda umepata nakala bandia iliyohamia kwenye kiini cha seli zamani na kuharibika. Usiitumie.

La mwisho, usijenge undugu kwa mitokondria peke yake. Hurithiwa kwa mama tu, na kolibri ni maarufu kwa kuzaa machotara. Jike wa spishi moja akizaa na dume wa nyingine, mitokondria ngeni inaweza kubaki katika ukoo muda mrefu na kuonyesha undugu usio wa kweli. Ndiyo sababu utafiti wa 2014 ulitumia pia jeni za kwenye kiini. Matawi ya mitokondria na ya kiini yakipingana, andika kwamba yanapingana. Usichague lile linalokubaliana na ulichotarajia.

Jioni hapa Tanga huja kitu kwenye maua ya bustani, kinasimama hewani, kinavuma, kina ulimi mrefu. Je, si kolibri? Na chozi si kolibri wetu?
*Msomaji, Tanga*

Hicho ni nondo. Kuna jamii ya nondo warukao mchana na jioni ambao huelea mbele ya ua kama kolibri, na mmojawapo wa Afrika anaitwa *Macroglossum trochilus*, neno la pili likiwa ndilo lililozaa jina la familia ya kolibri, Trochilidae. Angalia kichwani: ukiona vipapasio viwili, ni mdudu. "Ulimi" wake hukunjwa kama chemchemi ya saa anapoondoka.

Kolibri wote wa leo wanaishi Amerika, kutoka Alaska hadi ncha ya kusini ya Chile na Ajentina. Ndugu zao wa karibu ni teleka, wale weusi warukao kasi juu ya miji yetu ambao watu huwachanganya na mbayuwayu. Chozi yuko upande mwingine kabisa, katika oda moja na shomoro. Anafanana na kolibri kwa kuwa wote hunywa maji ya maua. Miguu itakuonyesha tofauti: chozi hutua, hushika tawi na kurukaruka juu yake, ilhali kolibri hawezi kutembea, na hata kusogea sentimita chache huinuka kwa mabawa. Kiota pia. Cha chozi huning'inia kama mfuko wenye tundu ubavuni, cha kolibri ni kikombe kilicho wazi juu ya tawi, kimefungwa kwa nyuzi za buibui, na kwa kawaida ndani mna mayai mawili.

Lakini hawakuwa wa Amerika daima. Visukuku vya kolibri wa kale vyenye umri wa miaka milioni 30 hivi vimepatikana Ujerumani, na vilielezwa na Gerald Mayr mwaka 2004 kwa jina Eurotrochilus.

Ninaishi Houston. Novemba niliona kwenye chombo changu cha maji ya sukari kolibri wa kijani mwenye mkia wa kutu na mdomo mwekundu. Programu ya simu ilinipa majina mawili, tzacatl na yucatanensis. Nichague lipi, na ninamlisha sawasawa?
*Dada msomaji, Texas*

Dada, karibu bila shaka ni *Amazilia yucatanensis*. Baada ya kuzaa, baadhi yao husogea kaskazini na mashariki kufuata pwani ya Ghuba ya Meksiko na kukaa huko majira ya baridi, na Houston imo katika njia hiyo. *Tzacatl* si ndege wa kutarajiwa Marekani. Hata hivyo hakikisha mwenyewe, wala usitazame mgongo, wote wawili wana mgongo wa kijani. Tazama tumbo chini ya kifua cha kijani: la *yucatanensis* ni rangi ya ngozi iliyopauka, la *tzacatl* ni kijivu. Halafu mkia ukiwa umefungwa: wa *yucatanensis* umegawanyika kidogo katikati, wa *tzacatl* ni karibu mnyoofu. Piga picha akiwa ametua, kutoka mbele, jua likiwa nyuma yako. Picha ya ndege akielea hupoteza rangi ya tumbo kwa kivuli. Kolibri mdogo zaidi mwenye mdomo mweusi utakayemwona hapo si Amazilia.

Kuhusu chakula, kipimo ni kikombe 1 cha sukari nyeupe ya kawaida kwa vikombe 4 vya maji. Koroga mpaka iyeyuke yote. Ukitumia maji ya moto, yaache yapoe kabisa kabla ya kumimina. Usitie rangi nyekundu, maua ya plastiki kwenye chombo yanatosha kumwita. Usitie asali, kwani huchacha haraka na kuotesha kuvu. Sukari ya kahawia pia haifai.

Joto likipita nyuzi 30, badilisha maji kila baada ya siku mbili, na ukiona ukungu mweupe ndani yake badilisha papo hapo. Osha chombo kwa maji ya moto na brashi, hasa kwenye vitundu, ambako uchafu mweusi hujificha. Maji ya sukari yaliyobaki hukaa kwenye friji hadi wiki mbili.

Na usimwondolee chombo ukidhani unamzuia kuhama. Ndege mwenye afya huondoka wakati wake ukifika, hata chakula kiwepo. Siku za baridi kali maji yaweza kuganda usiku, kwa hiyo kiingize ndani jioni na ukitoe alfajiri kabla hajafika, kwa sababu kolibri huamka na njaa.